Waendee kabla ya kuwaalika: miezi yangu minne ya kuutafutia ukumbi wa maigizo watazamaji wapya

Walikuja watu tisa. Nilikuwa nimepanga viti 80, nikavipanga upya ili njia ya katikati iwe pana, nikaweka mlangoni karatasi ya kujiandikisha na kalamu tatu. Saa ya kuanza ilipofika walikuwa wameketi watu tisa, na watano kati yao walikuwa ndugu na marafiki wa waigizaji. Ndiyo shughuli yangu ya kwanza ya kuwakaribisha majirani kwenye ukumbi wa maigizo wa jamii nilikokuwa mwanagenzi: jioni ya kuwatembeza wageni nyuma ya pazia, waone maleba, yaani mavazi ya waigizaji, wasimame chini ya taa za jukwaa, wazungumze na waigizaji. Kiingilio hakikuwepo. Vipeperushi 500 vilikuwa vimekwisha sambazwa, vingi kwa mikono yangu mwenyewe.

Nakuandikia wewe uliyeanza uanagenzi kwenye ukumbi kama ule na ukapewa kazi kwa sentensi moja: "Tuletee watu wapya." Kazi hiyo hupewa wanagenzi mara nyingi, kwa sababu wafanyakazi wa kudumu wamezama kwenye onyesho linalofuata na hakuna mwenye nafasi. Nami naipenda kazi hii kuliko zote nilizofanya ukumbini, kwa hiyo nitakueleza yale ambayo mimi nilichelewa kuyajua.

Usiku ule nilipokuwa nikikunja viti, mama anayekaa dirisha la tiketi alikuja kunisaidia. Amekaa dirishani pale miaka mingi na huwajua watazamaji wa kudumu kwa majina, na watoto wao pia. Aliniuliza, "Mwanangu, hawa uliowaalika, uliwauliza nini?" Nikamjibu kwamba sikuwauliza kitu, niliwaeleza tu. Alikunja viti vingine viwili ndipo akasema, "Basi kesho uje ukae na mimi."

Nilikaa naye siku nne. Kutoka dirishani unaona kitu ambacho ofisini hakionekani: watu husimama mbele ya bango, wakalisoma mpaka mwisho, kisha wakaondoka. Siku ya pili nilianza kutoka nje kuwasalimu. Sikuwauzia tiketi. Niliwaambia mimi ni mwanagenzi, naomba kujua kama wamewahi kuingia humu, na kama hawajawahi, ni kwa nini. Watu ni wakarimu wa majibu ukiwauliza bila kuwasukuma.

Kijana mmoja alidhani ukumbi ni wa wanachama, na kwamba lazima kwanza uandikishwe. Mzee mmoja mwenye maumivu ya goti alitaka kujua kuna ngazi ngapi, choo kiko wapi, na kama mtu akitaka kunyoosha miguu katikati ya mchezo ataonekana amekosa adabu. Mama mwenye mtoto mgongoni aliniuliza kama mtoto akilia watamtoa. Dada mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba anaogopa waigizaji watamnyanyua kitini wampeleke jukwaani mbele za watu. Aliwahi kuliona jambo hilo mahali pengine na hajalisahau. Mlinzi wa jengo la jirani alikuwa na tatizo moja tu, kwamba zamu yake huanza saa ileile tunapofungua pazia. Na msichana wa shule aliniambia hajui ni wakati gani watu hupiga makofi.

Katika siku zile nne hakuna hata mmoja aliyesema hakujua kwamba pale kuna ukumbi. Vipeperushi vyangu 500 vilikuwa vikijibu swali ambalo hakuna aliyekuwa nalo. Watu walikuwa wanajua tupo. Walichokuwa hawajui ni kama mlango ule ni wao pia.

Tangu siku hiyo sikupanga shughuli yoyote bila kwanza kuandika orodha ya maswali kutoka kwa watu wenyewe, kwa maneno yao. Kipeperushi kilichofuata kilibadilika kabisa. Kilisema mchezo unachukua muda gani na una mapumziko au hauna. Kilisema vaa nguo yoyote, unaweza kutoka na kurudi, hakuna atakayekupandisha jukwaani, viti visivyo na ngazi ni hivi, choo kiko hapa, mtoto akilia kuna mahali pa kusimama naye ukaendelea kuona. Msanifu wetu wa mabango alisikitika kwamba picha imekuwa ndogo. Nilimwelewa, lakini nilishikilia maandishi yale, na ningeyashikilia tena leo.

Ukisha kusikia maswali, fikiria ni watu gani hasa unaotaka kuwakaribisha. "Jamii nzima" haifai kuwa jibu. Jamii nzima haina mwenyekiti, haina siku ya kukutana, haina namba ya simu. Kwaya inavyo vyote hivyo. Chama cha wazee kinavyo, chama cha viziwi kinavyo, darasa la kujifunza kusoma la watu wazima linavyo. Chagua vikundi viwili au vitatu kwa kipindi chote cha uanagenzi wako, visizidi hapo. Mimi nilianza na saba kwa sababu orodha ndefu ilipendeza kwenye mpango wa kazi, na mwishoni mwa mwezi wa kwanza nilikuwa nimeonana na kila kundi mara moja na sikuwa najuana na yeyote.

Kisha waendee huko waliko. Omba kuhudhuria mkutano wao, kaa nyuma, sikiliza ajenda zao. Usitoe vipeperushi siku hiyo. Nilipokwenda mara ya kwanza kwa kikundi cha wazee nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Mwenyekiti alinipa nafasi mwishoni, akanitazama, akasema, "Mwaka jana alikuja mwenzako, mwanagenzi kama wewe. Alitupenda na sisi tulimpenda. Alituahidi siku yetu ukumbini. Hatukumwona tena." Hakusema kwa hasira. Nilikaa kimya kidogo, kisha nikamwomba samahani kwa niaba ya ukumbi, nikamwambia ukweli: mimi nami nitaondoka baada ya miezi mitatu na ushei, na siku hiyo sikuwa na ahadi yoyote ya kumpa. Nilimwomba nirudi wiki ijayo pamoja na mfanyakazi wa kudumu. Akakubali.

Neno lile la mwenyekiti ndilo lililonifundisha kuliko semina yoyote. Sisi wanagenzi hupita. Tuna moyo, tuna muda, tunajenga urafiki haraka, halafu mkataba unaisha na urafiki wote tunaondoka nao kwenye simu zetu. Kikundi kinabaki na ahadi isiyo na mwenyewe, na mwanagenzi wa mwaka unaofuata anakuta mlango umefungwa bila kujua nani aliufunga. Kwa hiyo, tangu mkutano wa kwanza, nenda na mtu atakayebaki. Akikataa kwa kukosa muda, omba dakika 20 tu. Akikataa hizo pia, basi umejifunza kwamba ukumbi wako bado hauko tayari kwa kundi hilo, na ni heri ulijue kabla hujawapa watu matumaini.

Mambo ya ndani ya ukumbi sasa. Kabla ya kutaja tarehe yoyote nje, kaa na msimamizi wa jukwaa na kalenda yake. Yeye ndiye anayejua wiki ya mazoezi ya taa na sauti, wiki ambayo hakuna mgeni anayepaswa kukanyaga jukwaani, kwa sababu mandhari inafungwa, nyaya ziko sakafuni na watu wamechoka. Mimi nilipanga ziara katikati ya wiki hiyo bila kujua. Aliniita pembeni, akanionyesha kwa upole jukwaa lililojaa ngazi na misumari, akaniuliza, "Ungemleta hapa mzee wako?" Niliahirisha. Vilevile nusu saa ya mwisho kabla ya pazia kufunguliwa ni ya waigizaji. Usiwapelekee wageni wa kupiga picha, hata awe nani.

Haki za mwandishi ni jambo ambalo wanagenzi wengi hawaambiwi. Kibali cha kuonyesha tamthilia kwa kawaida ni cha onyesho kamili, mahali palipotajwa, kwa siku zilizotajwa. Ukitaka kuwapeleka waigizaji wawili shuleni wakaonyeshe kipande kimoja, au kurekodi dakika tatu za mazoezi uziweke mtandaoni, huenda hilo linahitaji ruhusa nyingine. Muulize anayeshughulikia mikataba, na umuulize mapema, maana majibu kutoka kwa wenye haki yanaweza kuchukua wiki. Ruhusa ikichelewa, kuna njia salama: waigizaji wafanye mazoezi ya sauti na mwili pamoja na wanafunzi, au watunge kipande kifupi papo hapo kutokana na visa vya wanafunzi wenyewe. Mara nyingi hicho huwa kizuri zaidi. Na mahali palipo na watoto, usipige picha bila ridhaa ya maandishi ya wazazi au walezi.

Kuhusu bosi wako: mwandikie ukurasa mmoja. Ni akina nani, wataulizwa nini, lini, nani atafungua mlango na nani ataufunga, kiasi gani cha pesa na kitatumika kwa nini, na mwishoni jambo moja unaloomba aamue. Mkubwa akisema "sawa, endelea" kwenye korido, mshukuru, kisha mwandikie siku hiyohiyo ukirudia alichokubali. Nilipoteza wiki mbili kwa sababu ya "sawa" moja ya korido.

Sasa shughuli zenyewe. Zipo za aina nyingi, na sizipendi zote sawa.

Ziara ya kugusa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni ya wageni wasioona au wenye uoni hafifu. Hufanyika siku ya onyesho lenyewe, mapema kabla milango haijafunguliwa kwa wengine. Wageni hupanda jukwaani, hupima kwa hatua umbali kutoka mlango mmoja hadi mwingine, hushika maleba na vifaa ambavyo watavisikia vikitajwa baadaye. Waigizaji hujitambulisha kwanza kwa sauti zao za kawaida, halafu kwa sauti za wahusika wao, ili mchezo ukianza mgeni ajue ni nani anayesema. Katika ziara yetu mgeni mmoja alishika koti la mhusika mkuu, akapitisha vidole kwenye mshono wa bega, akasema, "Huyu mtu koti lake limeshonwa upya. Ni maskini anayejitunza." Mwigizaji mwenyewe alikuwa amelivaa koti lile wiki sita bila kuliona hivyo. Jioni ile aliucheza mchezo kwa namna tofauti, na sisi tuliokuwa pembeni tuliona.

Kwa wageni viziwi usianze kwa kumtafuta mkalimani wa lugha ya ishara. Anza kwa kuwauliza viziwi wenyewe. Mimi nilidhani nimemaliza kazi nilipompata mkalimani mmoja. Chama chao kikaniuliza atasimama wapi, atamulikwa na nini wakati jukwaa linazimwa taa, na viti vyao viko upande gani ili macho yaone mikono yake na waigizaji kwa pamoja. Waliniuliza pia kama amepewa maandishi ya mchezo mapema, kwa sababu utani na mashairi hayatafsiriwi papo kwa papo. Wakaniambia kazi ndefu huhitaji wakalimani wawili wa kupokezana, maana akili na mikono huchoka. Kila swali lao lilikuwa kazi ya siku moja kwangu: kuongea na fundi wa taa, kubadilisha mpango wa viti, kutafuta mkalimani wa pili. Kama wasingeniuliza, wangekaa saa mbili wakitazama kivuli kikipunga mikono.

Liko pia onyesho tulivu, kwa watu ambao giza la ghafla na kelele kali huwaumiza, wakiwemo watu wengi wenye usonji. Taa za ukumbini hazizimwi kabisa, milio ya ghafla hupunguzwa, milango huachwa wazi, mtu hutoka na kurudi apendavyo, na kinatengwa chumba cha kupumzikia. Tuma mapema karatasi yenye picha za mahali penyewe: lango, dirisha la tiketi, viti, choo, waigizaji wakiwa na maleba na bila maleba. Na uwaandae waigizaji! Mtu akiongea katikati ya mchezo, au akisimama na kucheza kwa furaha, wasidhani wamekosea.

Mazoezi ya wazi, yaani kuwaruhusu watu waje kutazama mchezo ukiwa bado unapikwa, yana historia inayonigusa. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru nchini Kenya, wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa kuketisha watu zaidi ya 2,000, na mazoezi yao yalikuwa mbele ya kila aliyetaka kuja. Wapita njia walirekebisha maneno, wakongwe wakasahihisha nyimbo, wafanyakazi wakaeleza jinsi kazi za kiwandani zinavyofanywa hasa. Siku ya onyesho ilipofika, watu walikuwa wanakuja kutazama kitu ambacho tayari kilikuwa na jasho lao. Serikali ilifuta kibali cha onyesho baada ya wiki chache tu. Kila ninaposikia mtu akisema watu wa kawaida hawapendi maigizo, nakumbuka kijiji kile.

Ukifanya mazoezi ya wazi, waombe kwanza waigizaji, tena mmoja mmoja, si kwenye mkutano ambapo ni vigumu kukataa. Chagua sehemu ndogo ya mchezo iliyokwisha kukaa sawa kidogo, ya kurudiwarudiwa. Waambie wageni kwamba wataona makosa na kwamba ndiyo kazi yenyewe. Simu zizimwe. Na mwongozaji aahidi kuuliza swali moja la kweli ambalo bado hajalipatia jibu. Wetu aliuliza kama binti katika mchezo amfungulie baba yake mlango kwa haraka au kwa kusita. Wale wazee wa kikundi waliligombania swali hilo karibu nusu saa. Mwishoni binti alisita, na wazee wakaja siku ya kwanza ya onyesho kuhakikisha.

Mazungumzo baada ya onyesho hufanywa kila mahali, na mengi hayanogi. Sababu ni ileile: mtu anasimama na kipaza sauti na kusema, "Kuna mwenye swali?" Watazamaji ambao dakika mbili zilizopita walikuwa wanalia sasa wanaombwa wawe wanafunzi. Wanaojibu ni walewale wanaojua maigizo, wanauliza kuhusu mbinu, mwongozaji anajibu kwa kirefu, na mgeni wa mara ya kwanza anaondoka akiamini kwamba mambo haya hayamhusu. Anza na kitu ambacho kila aliyekaa kitini anaweza kukijibu. Swali langu ninalolirudia ni hili: ni wakati gani ulitaka kumsimamisha mhusika na kumwambia kitu? Waache wasemezane na jirani yao dakika mbili kabla ya yeyote kupewa kipaza sauti. Anza upesi baada ya waigizaji kuinama, maana watu wanawahi usafiri, na maliza ndani ya dakika 20. Anayetaka kuondoka aondoke bila kutazamwa. Mwongozaji aseme mwishoni.

Swali hilo sikulibuni mimi. Nilijifunza kwa kusoma habari za Augusto Boal, Mbrazili aliyefariki mwaka 2009, aliyeanzisha maigizo ambayo mtazamaji husimamisha mchezo na kuingia mwenyewe. Chanzo cha maigizo hayo kilikuwa nchini Peru mwaka 1973. Wakati huo watazamaji walipendekeza tu la kufanya na waigizaji wakaliigiza. Mwanamke mmoja alitoa pendekezo, waigizaji wakalijaribu, akasema siyo. Wakalijaribu tena, akasema bado siyo. Boal akamwambia apande aonyeshe mwenyewe. Akapanda. Ninapomkumbuka mwanamke yule namkumbuka pia dada wa pale dirishani aliyeogopa kunyanyuliwa kitini, na ndiyo maana sheria yangu ni moja: anayepanda jukwaani awe amepanda kwa miguu yake. Ukitaka maigizo ya namna hii, tafuta mwendeshaji aliyefunzwa. Usilibebe peke yako eti kwa kuwa umesoma juu yake, kwa sababu watu hupanda na maumivu yao halisi, na lazima awepo anayejua kuyapokea.

Tiketi za bure sizikatai, ila nimejifunza kutozitawanya. Tiketi iliyotolewa kwa yeyote, kwa siku yoyote, hubaki mfukoni mwa mtu asiyejisikia kusubiriwa. Toa tiketi kwa mtu fulani, kwa jioni fulani, ukimwambia nani atampokea mlangoni, kisha uwepo mlangoni. Kwa wale waliotaka kulipa kidogo badala ya kupewa, tulikuwa na jioni ya lipa uwezacho, na wengi waliniambia hiyo iliwapa heshima zaidi. Kuhusu tarehe, usishawishike sana na siku kubwa. Siku ya Maigizo Duniani, tarehe 27 Machi, iliyoanzishwa na Taasisi ya Kimataifa ya Maigizo mwaka 1961, ni siku nzuri ya kusherehekea na watu mnaofahamiana tayari. Kwa wageni wapya, siku nzuri ni ile ambayo wao hukutana kwa kawaida. Mlinzi wetu wa jirani alikuja kwenye onyesho la mchana tulilolipanga siku yake ya mapumziko, pamoja na wenzake wanne wa zamu.

Utaulizwa takwimu, na uzitoe: waliokuja wangapi, wapya wangapi, pesa ngapi zilitumika. Lakini weka pia daftari lako. Mimi niliandika ni nani amerudi mara ya pili, na amerudi na nani. Shughuli yangu ya watu tisa haikuwa na hata mmoja aliyerudi, ukiwaondoa wale ndugu wa waigizaji. Ziara ya kugusa ilikuwa na wageni sita tu; wanne walirudi kwenye mchezo uliofuata, na watatu kati yao walikuja na mtu mwingine. Kwenye ripoti yangu niliziweka hesabu hizi mbili kwenye ukurasa mmoja, na bosi alizisoma bila mimi kuongeza neno.

Wiki mbili za mwisho sikupanga shughuli mpya. Nilizitumia zote kukabidhi, na nakusihi ufanye hivyo hata ukishawishiwa kufunga na tukio kubwa. Nilikwenda tena kwa kila kikundi na mfanyakazi atakayebaki, safari hii yeye akiongea na mimi nikikaa nyuma. Namba za simu nilizihamishia kwenye kitabu cha ofisi kwa idhini ya wenyewe. Ahadi zote tulizotoa niliziandika, pamoja na ndogo ambazo mtu husema mlangoni akiaga, kila moja na tarehe na jina la mtu wa ukumbi aliyekubali kuitimiza. Mbili hazikuwa na wa kuzibeba. Nilirudi nikawaambia wahusika uso kwa uso kwamba hazitawezekana. Mwenyekiti wa wazee alinisikiliza hadi mwisho, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Afadhali wewe umekuja kusema."

Mzee wa goti sasa ana kiti chake, cha pembeni, mstari wa tatu, upande usio na ngazi. Jambo hilo limo kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, pamoja na muda ambao mlinzi anatoka zamu na ishara ambayo viziwi walinifundisha ya kusema karibuni. Daftari niliacha kwenye droo ya dirisha la tiketi, kwa yule mama. Alilifungua mbele yangu, akachukua kalamu, akaongeza jina la mjukuu wa yule mzee, ambalo mimi nilikuwa silijui.